Solibri kwenye miinuko ya Bukavu: tathmini ya programu inayokagua kama jengo linafikika kwa watu wenye ulemavu

Mji wa Bukavu umekaa juu ya vilima vinavyoshukia Ziwa Kivu, kwenye kimo cha takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika komuni zake za Kadutu, Bagira na Ibanda ni vigumu kupata kiwanja chenye ardhi tambarare ya kutosha. Mtu mwenye miguu mizima hupanda ngazi za udongo, za mawe au za saruji bila kuzifikiria. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, hukomea pale kidato cha kwanza kinapoanza. Kwa sababu hiyo nilitaka kujua, kwa faida ya wasanifu, wahandisi na wanafunzi wa ujenzi wa mji huu, kama programu zinazokagua zenyewe modeli za kidijitali za majengo zinaweza kutuonyesha makosa ya ufikivu kabla zege halijamwagwa. Programu niliyoitumia zaidi ni Solibri, na pembeni yake nimejaribu Bonsai na IfcTester, ambazo hazilipiwi. Jengo lililokaguliwa ni kituo kidogo cha afya kwenye kiwanja cha mteremko, ambacho ofisi yetu ilikuwa ikikichora.

Modeli ya aina hii inatofautiana na ramani ya mistari tuliyofundishwa shuleni, kwa sababu ndani yake kila kitu kinajulikana ni nini: mlango umeandikwa kuwa ni mlango, una upana, kimo na chumba unachokifungulia, ngazi ina idadi ya vidato vyake, chumba kina jina, eneo na mipaka. Archicad, Revit na programu nyingine za kuchorea zinaweza kuitoa modeli hiyo katika faili ya IFC, muundo wa wazi unaosimamiwa na buildingSMART, shirika la kimataifa la viwango vya modeli za majengo, na kutambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa ISO 16739, na faili hiyo ndiyo inayosomwa na Solibri. Kampuni iliyoitengeneza ilianzishwa Helsinki, nchini Ufini, mwaka 1999, na baadaye ikawa sehemu ya kundi la Nemetschek la Ujerumani. Solibri si chombo cha kuchorea. Inasoma, inapima, kisha inaonyesha kwa rangi mahali ambapo jengo limekiuka sharti ulilolichagua, na uamuzi wa kulikubali kosa hilo au kulikataa unabaki mikononi mwa mtu.

Charles Eastman na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2009, waliigawa kazi ya ukaguzi wa namna hii katika hatua nne: kanuni iliyoandikwa kwa maneno inageuzwa kuwa masharti ambayo kompyuta inaweza kuyapima, modeli inaandaliwa, masharti yanaendeshwa juu ya modeli, matokeo yanatolewa. Matangazo ya programu hizi hukaa sana kwenye hatua ya tatu, ambayo kwa kweli ni ya dakika chache. Nimeona kwamba kwa mji kama wetu kazi nzito iko katika hatua ya kwanza na ya pili, na kwamba msanifu asiyezitendea haki hatua hizo mbili atapata ripoti safi ya jengo ambalo mgonjwa hawezi kuliingia.

Nianze na kanuni. Haki yenyewe imekwisha kuandikwa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Mwaka 2015 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja majengo, barabara, shule, makazi, vituo vya tiba na mahali pa kazi. Kisha ikaja sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu ulinzi na uendelezaji wa haki za mtu anayeishi na ulemavu. Programu, hata hivyo, haiwezi kuanza kazi kwa neno haki; inataka ujaze kisanduku cha milimita. Mlango uwe na milimita ngapi? Mwinamo uwe asilimia ngapi? Solibri huja na seti ya kanuni za ufikivu iliyotungwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa ISO 21542, kilichotolewa mwaka 2011 na kurekebishwa mwaka 2021, na kila namba iliyomo inaweza kubadilishwa na mtumiaji. Uhuru huo ni jambo jema, na pia ni mzigo, kwa maana ofisi inayobonyeza kitufe bila kuchagua namba imechaguliwa namba na mtu mwingine.

Rampi ya kituo chetu, yaani njia ya mteremko inayopitika kwa magurudumu badala ya ngazi, ilionyesha uzito wa uchaguzi huo. Kati ya lango la barabarani na sakafu ya mapokezi kuna tofauti ya kimo ya mita 1.20, ambayo kwa Bukavu ni tofauti ndogo. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010, vilivyotokana na ADA, sheria yao ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu, vinaruhusu mwinamo wa 1 kwa 12, yaani karibu asilimia 8.3, na haviruhusu kipande kimoja cha rampi kupanda zaidi ya milimita 760 bila sehemu tambarare ya kupumzikia. Kwa hesabu hiyo tulihitaji vipande viwili vya mita 7.20 kila kimoja na sehemu tambarare ya milimita 1,525 katikati yake, jumla karibu mita 16. Wengi wetu, hata hivyo, tumesoma kwa vitabu vya Kifaransa, na agizo la Ufaransa la tarehe 20 Aprili 2017 kuhusu majengo mapya yanayopokea umma linaweka mwinamo wa asilimia 5, likivumilia asilimia 8 kwa urefu usiozidi mita 2 na asilimia 10 kwa urefu usiozidi nusu mita, na linataka mahali pa kupumzikia kila baada ya mita 10 pale mwinamo unapofika asilimia 4. Kwa namba hizo, mita 1.20 zile zile zinadai mita 24 za mteremko, zikigawanywa katika vipande vitatu vya mita 8, na ukiongeza sehemu mbili za kupumzikia unakaribia mita 27. Mchoro mmoja, usiobadilishwa hata mstari, ulipita kwa seti ya kwanza na kukataliwa kwa seti ya pili.

Hapa Solibri ilifanya kazi ambayo sijaona mkaguzi wa macho akiifanya kwa uvumilivu ule. Kanuni yake ya rampi haitazami mwinamo peke yake. Inapima pia upana, urefu wa sehemu tambarare, na nafasi iliyo wazi pale rampi inapoanzia na inapoishia. Kwenye kichwa cha rampi yetu ilituonyesha kwamba mlango wa mapokezi ulikuwa unafungukia nje, juu ya sehemu tambarare, kiasi kwamba mtu aliyefika juu kwa kiti angelazimika kurudi nyuma kwenye mteremko ili kuuvuta mlango. Kwenye karatasi jambo hilo lilikuwa limepita machoni mwa watu kadhaa wenye uzoefu, kwa kuwa kila kipimo kikitazamwa peke yake kilikuwa sahihi. Tuligeuza mlango, tukarefusha sehemu tambarare, tukakagua tena. Kwa kosa hilo moja tu ningesema programu imelipa sehemu kubwa ya gharama yake, maana mlango wa chuma ukishafungwa kwenye ukuta wa mawe, kuugeuza ni kubomoa.

Vyoo navyo vinastahili kuelezwa kwa kirefu. Kanuni ya nafasi huru ya sakafu hujaribu kuweka duara la kipimo ulichokichagua, ambalo kwa kawaida ni la kipenyo cha milimita 1,500, ndani ya chumba, na kusema kama duara hilo linaenea bila kugusa kitu. Katika modeli ya msanifu peke yake duara lilienea. Tulipoifungua pamoja na modeli ya mabomba, beseni la kunawia lilikuwa limesogezwa ili likaribiane na bomba la maji machafu, na duara likakosa nafasi. Uwezo wa kuunganisha modeli za fani mbalimbali na kuzikagua kama jengo moja ndio, kwa maoni yangu, unaoitenganisha Solibri na programu ndogo zinazokagua ndani ya chombo cha kuchorea. Hata hivyo lilibaki jambo ambalo hakuna fani iliyolichora. Maji ya bomba mjini hukatika, na katika choo cha kituo chochote cha afya utakuta pipa la maji limesimama kwenye kona pamoja na ndoo yake. Pipa la lita 200 lina kipenyo cha karibu sentimita 58. Tuliliweka katika modeli kama kifaa cha kudumu, duara likavunjika mara moja, na ndipo chumba kikapanuliwa. Sioni sababu ya msanifu yeyote wa Bukavu kutoliweka pipa hilo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa litakuwepo, awe amelichora au hakulichora.

Kuhusu milango lazima nitoe onyo, na onyo hili linahusu muundo wa IFC wenyewe kuliko programu yoyote. Upana unaoandikwa kwenye mlango katika faili ya IFC ni upana wa jumla, pamoja na fremu yake. Mlango ulioandikwa sentimita 90, wenye fremu ya mbao ya sentimita 5 kila upande kama seremala wetu wengi wanavyoitengeneza, unabakiza ubao wa sentimita 80. Ubao huo ukifunguliwa hadi digrii 90, unene wake wa sentimita 4 hubaki ndani ya nafasi ya kupita, na mtu anapata karibu sentimita 76. Viwango vya Marekani vinataka milimita 815 za kupita, na ISO 21542 inataka zisipungue 800. Kwa hiyo mlango unaoonekana kuwa na ziada ya kutosha kwa kweli umepungukiwa. Dawa yake ni kuamua mapema, kwa maandishi, ni upana gani unaokaguliwa, na kuhakikisha kwamba fremu imechorwa kwa unene wa kweli wa fremu itakayotoka kwenye karakana, si ule wa mlango wa maktaba ya programu uliobuniwa kwa ajili ya viwanda vya Ulaya. Nilimwendea seremala na mita ya mkono kabla ya kuigusa kompyuta, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo.

Hatari kubwa kuliko zote, na ambayo ningependa wanafunzi waisome mara mbili, ni ukimya. Programu inayokagua rampi hukagua vitu vilivyoandikwa kuwa ni rampi. Katika ofisi nyingi rampi huchorwa kama slabu, yaani bamba la zege, iliyoinamishwa, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka, na faili ya IFC huitoa kama slabu. Ngazi nazo, zikichorwa kwa umbo huru, hutoka zikiwa vitu visivyo na jina la aina yoyote. Kanuni ya rampi ikiendeshwa juu ya modeli kama hiyo haikuti rampi hata moja, haioni kosa hata moja, na ripoti inakaa bila alama nyekundu. Mteja akionyeshwa ripoti hiyo ataamini kwamba jengo limekaguliwa. Solibri ina njia nzuri ya kuzuia jambo hili, nayo ni uainishaji: unaweza kuieleza kwamba slabu zenye jina au tabia fulani zihesabiwe kuwa rampi, kisha kanuni ikazishika. Lakini inabidi mtu ajue kwamba kuna jambo la kueleza. Mimi sasa naanza kila ukaguzi kwa kuhesabu: milango mingapi, rampi ngapi, ngazi ngapi, vyoo vingapi, hesabu hiyo isipolingana na jengo ninalolijua, sifungui kanuni yoyote.

Kuna pia kile kisanduku cha HandicapAccessible, ambacho muundo wa IFC umekiweka kwenye sifa za kawaida za milango, vyumba, ngazi na rampi. Kinajazwa ndiyo au hapana. Nimeona nyaraka za zabuni zinazodai kijazwe, na nimeona modeli ambazo kila mlango una ndiyo, pamoja na mlango wa stoo ya jenereta. Kisanduku hicho ni kauli ya mchoraji, hakijapima kitu. Mkaguzi anayetafuta tu kama kimejazwa amekagua uaminifu wa karani, na jengo bado halijakaguliwa.

Jambo hili linatuleta kwenye Bonsai na IfcTester. Bonsai, ambayo hadi mwaka 2024 ilijulikana kwa jina la BlenderBIM, ni programu ya bure inayofanya kazi ndani ya Blender, programu ya bure ya kuchorea maumbo ya pande tatu, na imejengwa juu ya IfcOpenShell, maktaba ya msimbo wa kusomea faili za IFC. IfcTester, ya familia hiyo hiyo, inasoma masharti yaliyoandikwa katika muundo wa IDS, ambao buildingSMART iliupitisha rasmi kuwa kiwango katika toleo la 1.0 mwezi wa Juni 2024, na kusema ni vitu vipi vya modeli vimekosa taarifa zinazotakiwa. Nimeitumia kuhakikisha kwamba kila rampi imeandikwa kuwa rampi, kwamba kila choo cha wagonjwa kina jina lililokubaliwa, na kwamba hakuna mlango uliokosa upana. Kwa kazi hiyo haina upungufu wowote, na mwanafunzi asiye na fedha anaweza kuipata leo. IDS lakini imetungwa kukagua taarifa, haikutungwa kukagua nafasi. Haiwezi kuliweka duara la kugeukia katikati ya beseni na pipa, wala kuona mlango unaofungukia juu ya rampi. Anayetaka vipimo hivyo bila kulipa itambidi aandike mwenyewe hesabu za jiometria kwa lugha ya Python akitumia IfcOpenShell, jambo linalowezekana, ila linahitaji mtu aliyejifunza kweli na anayeweza kuzijaribu hesabu zake kwenye modeli yenye makosa yanayojulikana.

Sasa ardhi. Kila nilichokieleza hadi hapa kinahusu jengo, na Bukavu mtu huzuiwa kabla ya kulifikia. Modeli nyingi ninazoletewa zina sakafu ya chini iliyolala juu ya utupu, au juu ya bamba tambarare ambalo halijawahi kuwepo katika mji huu. Muundo wa IFC una mahali pa kuweka kiwanja na umbo la ardhi, na Solibri inaweza kuisoma sura hiyo na kuionyesha, lakini hakuna kanuni ya ufikivu itakayopima njia ambayo haikuchorwa. Kwa kituo chetu tulimwomba mpima ardhi atupe vimo vya barabara, vya ukingo wa mfereji wa maji ya mvua, vya lango na vya kila badiliko la mteremko, na kutokana na vimo hivyo tukaichora njia nzima kama mfululizo wa rampi na sehemu tambarare zenye majina. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kikwazo cha kwanza hakikuwa rampi ya mapokezi tuliyoihangaikia. Kilikuwa mfereji wenyewe, ulio wazi kati ya barabara na lango, unaovukwa kwa mbao mbili. Hakuna milimita ya ndani itakayomfaa mgonjwa ambaye magurudumu yake hayawezi kuuvuka mfereji. Kifuniko cha zege chenye matundu membamba ya kupitisha maji kiliongezwa kwenye makadirio ya gharama, na ninaamini bila modeli ya ardhi kingekumbukwa baada ya uzinduzi. Wenzetu wa Goma, wanaojenga juu ya mawe ya volkano yaliyoachwa na mlipuko wa Nyiragongo wa mwaka 2002, watakuwa na uso mwingine wa ardhi wa kuuchora, lakini wajibu ni ule ule.

Kuna swali jingine ambalo seti zilizo tayari hazilijibu, nalo ni la chombo chenyewe. Duara la milimita 1,500 limepatikana kwa kufikiria kiti cha magurudumu cha kawaida. Kanuni za Kifaransa hukikadiria kuwa na upana wa mita 0.75 na urefu wa mita 1.25. Katika barabara zetu watu wengi hutumia baiskeli ya magurudumu matatu yenye usukani wa mikono, ambayo ni ndefu zaidi, ni pana zaidi, na haigeuki papo hapo kama kiti. Mwenye baiskeli hiyo akifika kituoni ana njia mbili: ama aiache nje na ajikokote sakafuni, ama aingie nayo. Mama mmoja anayefanya biashara ndogondogo karibu na soko la Kadutu alituruhusu kuipima ya kwake na akatueleza kwamba sehemu ya kuiegesha penye kivuli, karibu kabisa na mlango, pamoja na kiti cha magurudumu cha kituo ambacho angehamia, ingemfaa kuliko ukumbi mpana. Ushauri huo ulibadilisha mchoro kuliko ripoti yoyote. Katika Solibri tuliweka kanuni mbili za nafasi, moja ya kiti kwa ndani na nyingine ya baiskeli kwa njia ya nje na sehemu ya maegesho, kwa kipenyo tulichokipata kwa kuizungusha baiskeli yenyewe uwanjani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliligusa jambo hili mapema: Charles Han na wenzake walichapisha mwaka 2002 njia ya kukagua ufikivu kwa kukiendesha kiti cha magurudumu ndani ya modeli, kwa mbinu za kupanga mwendo wa roboti, badala ya kupima mlango baada ya mlango. Hoja yao ni kwamba jengo linaweza kutimiza kila kipimo kilichoandikwa na bado njia yake isipitike, au likakosa kipimo kimoja na bado lipitike vizuri. Ningefurahi kuona wazo hilo likiingia kwa nguvu katika programu za kila siku, na baiskeli zetu zikiwa miongoni mwa vyombo vinavyoendeshwa ndani ya modeli. Kwa upande wa serikali, Singapore ilionyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa mfumo wake wa CORENET e-PlanCheck, kwamba idara za ujenzi zinaweza kupokea modeli na kuzikagua kwa kompyuta. Sisi bado tunapeleka karatasi zilizopigwa mihuri, kwa hiyo ripoti ya Solibri hapa ni ya kumshawishi mteja na kujisahihisha. Haichukui nafasi ya kibali.

Kuhusu matumizi ya kila siku nitasema kwa ufupi. Solibri inalipiwa kwa usajili, na bei yake ni nzito kwa ofisi ndogo. Toleo la Solibri Anywhere, la kutazama tu, halilipiwi, na linamwezesha mhandisi wa upande wa pili kufungua modeli na kuona makosa yaliyokwisha kukusanywa. Modeli kubwa zinahitaji kompyuta yenye RAM ya kutosha, na umeme usio wa uhakika unakutaka uhifadhi kazi yako mara kwa mara. Kilichonifurahisha ni muundo wa BCF, ambao hubeba maelezo ya kosa, picha yake, mahali pa kusimama ili kulitazama na utambulisho wa kitu kinachohusika, bila kuibeba modeli nzima. Faili yake ni nyepesi kiasi cha kupita kwenye mtandao dhaifu wa simu, na mchoraji aliye Goma akiifungua katika programu yake anapelekwa moja kwa moja kwenye mlango wenye kosa. Mafundi wa kwenye kiwanja hatukuwapelekea BCF. Tuliwachapishia picha za makosa zenye vipimo, tukazieleza kwa mdomo, na hilo lilitosha.

Ofisi inayochora shule, vituo vya afya au majengo ya serikali, yenye mchoraji anayejua kutoa faili ya IFC iliyo safi, ningeishauri ilipie Solibri, hasa kwa ajili ya nafasi za vyoo, milango inayogongana na njia, na modeli zinazounganishwa. Ofisi inayochora nyumba moja moja za watu binafsi, pamoja na wanafunzi, waanze na Bonsai na IfcTester na wajenge kwanza nidhamu ya kuita kila kitu kwa aina yake. Katika seti tuliyoibakiza kwa miradi ya Bukavu, mwinamo wa 1 kwa 12 ndio ukomo usiovukwa na asilimia 5 ndiyo inayotafutwa kwanza pale kiwanja kinaporuhusu. Nafasi ya kupita mlangoni ni milimita 850 baada ya kutoa fremu na unene wa ubao. Duara la chooni ni milimita 1,500 pipa likiwa limekwisha kuwekwa. Reli za kushikia ziko pande zote mbili za kila rampi, kwenye kimo cha kati ya milimita 865 na 965. Na njia inaanza kupimwa ukingoni mwa barabara. Kipimo cha baiskeli ya mikono tumekiacha kisanduku wazi kwa makusudi, kijazwe upya katika kila mradi baada ya kuzipima baiskeli za watu watakaolitumia jengo hilo.